Molly Aliomba Siku Moja

Drusilla hakuwa mtu wa kukosa kazi. Kwa miaka kumi na miwili aliyochuna majani chai katika shamba moja kubwa upande wa Kericho, wenzake kambini walijua kwamba akikosekana asubuhi kwenye mstari, mtoto wake amelazwa. Hakuwa na sababu nyingine. Harusi za watu hazikumtoa kazini, mafua hayakumtoa, na ile siku mvua ya mawe ilipowapiga hadi wengine wakatupa vikapu na kukimbilia kibandani, yeye alijifunika aproni ya nailoni kichwani akangoja ipite, kisha akaendelea na safu yake.

Watu walimwita mgumu, na kwa kweli alikuwa mgumu, lakini ugumu huo haukuanzia Kericho. Alipokuwa darasa la tatu kwao kando ya ziwa, mama yake alijifungua, akamwambia abaki nyumbani siku moja tu amshike mtoto. Siku ya pili mtoto alikuwa bado anashikwa, na wiki iliyofuata vilevile, na mwisho wa muhula hakuna aliyemwuliza tena habari ya shule. Mdogo wake huyo leo ni karani mjini Kisumu. Drusilla alijifunza kusoma jina lake kwenye kadi ya kazi, na kila alipoiona alikumbuka siku ile moja, akakasirika upya kana kwamba ni jana.

Mumewe, Otiende, alikuwa mtu wa kuchochea boila kiwandani, mpole, mwenye kukohoa moshi wa kuni hata siku ya mapumziko. Walikuwa wamezaa watoto wawili. Oyugi alifariki akiwa na miaka mitatu kabla hawajajua kinachomla. Molly alipoanza kuvimba vidole na kulia mifupa, walimkimbiza hospitali ya misheni, na huko wakaelezwa kuhusu ule ugonjwa wa damu ambao watu wa kando ya ziwa wanaufahamu kuliko wanavyopenda. Daktari aliwapa vidonge, akasema mtoto anywe maji mengi, asichoke sana, na asiguswe na baridi. Daktari huyo labda hakuwa amewahi kulala kambini mwezi wa Julai, ukungu unapoingia hadi chini ya kitanda.

Kwa hiyo Molly alikua akiwa amevikwa sweta mbili na soksi za babake. Alirudia darasa la pili kwa sababu ya kulazwalazwa, akachekwa, akanyamaza. Mwaka wa tisini na tatu alikuwa darasa la nne, msichana mwembamba mwenye macho ya njano na mwandiko mzuri kuliko wa baadhi ya walimu, na tarehe ishirini na saba Julai, siku ya Jumanne, angetimiza miaka kumi. Mama yake alikuwa na hakika ya tarehe hiyo, maana mtoto alizaliwa zahanati ya shamba na kadi ya kliniki ilihifadhiwa ndani ya Biblia.

Siku hiyohiyo ndiyo mtihani wa hesabu wa mwisho wa muhula ungefanywa. Shule ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mtoto atakayekosa mtihani atarudia darasa, awe mgonjwa awe mzima.

Na kulikuwa na jambo la maji. Sijui ni nani aliyeleta mchezo huo katika shule za milimani, pengine ni wanafunzi wa bweni walioutoa huko kwao, lakini ulikuwa umeshika. Mtoto akijulikana kwamba leo ni birthday yake, wenzake wanamvizia na mikebe ya maji, wanamlowesha kuanzia utosini, wanacheka, naye anacheka, basi amekua. Ambaye hajawahi kumwagiwa alionekana kama hajazaliwa. Molly hakuwa amewahi. Kila mwaka Julai ilimkuta kitandani, au tarehe ikapita bila yeye kumwambia mtu.

Jumatatu jioni, Drusilla akiwa anasonga ugali, Molly alisimama nyuma yake akauliza polepole, "Mama, kesho ni birthday yangu. Naweza kukaa nyumbani?"

Drusilla alidhani ameogopa maji. Hakugeuka. Alimwambia kesho kuna mtihani, na mtu haachi mtihani kwa sababu amezaliwa, kila mtu amezaliwa. Otiende, ambaye alikuwa akifunga kamba za viatu aende zamu, aliinua kichwa akasema mtoto aachwe akae, siku moja haimfanyi mtu kuwa mjinga. Hapo ndipo alipokosea, maskini, kwa kuitaja siku moja mbele ya mke wake.

"Siku moja ndiyo ilinifanya mimi nichune majani," Drusilla alisema. "Ataenda. Akiweza kusimama, ataenda."

Otiende akaenda kazini. Molly akala ugali wake, hakuomba tena. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, akikataliwa jambo mara moja analiweka chini.

Msidhani Drusilla hakuwa na huruma. Usiku kucha alifikiria maji yale. Asubuhi alimvika Molly sweta zote mbili, akaacha foleni ya kazi imtangulie, akampeleka mwenyewe mpaka shuleni kumwona mwalimu wa darasa. Mwalimu Rodah alikuwa binti Mkipsigis, mwenyeji wa karibu na Kapsoit, mwaka wake wa kwanza wa kufundisha, na alimsikiliza kwa heshima zote. Drusilla alimweleza kwamba leo ni siku ya kuzaliwa ya mtoto, kwamba maji baridi kwake ni sumu, na kwamba anamwomba awachunge wale wengine. Mwalimu alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia asiwe na wasiwasi, atawaambia.

Na kweli aliwaambia. Kabla ya kugawa karatasi za mtihani alisimama mbele ya darasa la watoto hamsini na wawili, akatangaza kwamba leo Molly ametimiza miaka kumi, kwamba yeye ni mgonjwa, na kwamba atakayemmwagia hata tone moja atachapwa viboko. Hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyekuwa anajua. Molly hakuwa amemwambia mtu, hata Cheptoo aliyekaa naye dawati moja. Wazo la kuja kuomba ulinzi lilikuwa la Drusilla, na neno la kutangaza lilikuwa la mwalimu, na wote wawili walifanya hivyo kwa kumpenda mtoto. Nikifikiria jambo hilo najisikia vibaya hata leo.

Saa kumi walimu walipoingia ofisini kusahihisha, Cheptoo na wengine sita walimngojea Molly kwenye tangi la maji ya mvua. Hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa wamesikia kwamba rafiki yao ametimiza miaka kumi, na waliona aibu aende hivihivi. Walikuwa na mikebe mitatu iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, sasa imejaa maji. Molly aliwaona, na angeweza kurudi darasani, lakini alivua begi lake, akaliweka mahali pakavu, akasimama.

Kutoka shuleni hadi kambini ni mwendo wa nusu saa katikati ya majani chai, na siku hiyo upepo ulikuwa unashuka kutoka upande wa msitu. Drusilla alikuwa kwenye mizani, akingoja majani yake yapimwe. Alipofika nyumbani karibu saa kumi na mbili alimkuta Molly ameketi kizingitini na nguo zilezile, maji yakidondoka kwenye pindo la sketi, midomo imekuwa ya kijivu, anacheka huku meno yanagongana. Hakuwa amebadilisha nguo kwa makusudi, alitaka mama yake aone.

"Wamenimwagia," alisema. "Hata mimi."

Drusilla alimvua nguo, akamsugua kwa blanketi, akamwashia makaa, akampa chai ya tangawizi kikombe juu ya kikombe. Hakumgombeza. Alijigombeza mwenyewe, kimoyomoyo, kwa maneno ambayo hangemwambia adui yake. Kulipopambazuka Jumatano maumivu yalikuwa yameshika miguu, yakapanda kifuani, na gari la shamba likawapeleka hospitali.

Alikaa na mtoto siku ya Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, akilala chini ya kitanda juu ya leso. Damu ilitafutwa, Otiende akatoa yake, ikawekwa. Ijumaa mchana Molly alipata nafuu kidogo, akaomba soda, akanywa mafunda mawili. Kisha Drusilla akauliza lile jambo ambalo lilikuwa likimwuma tangu Jumanne. Alimwuliza, kama hakuogopa maji, mbona aliomba kukaa nyumbani.

Molly alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali rahisi la hesabu.

"Nilitaka ukae na mimi," alisema. "Wewe unakaa na mimi nikiwa mgonjwa tu. Jumapili unafua na unaenda kanisa. Nilitaka siku moja nikiwa mzima."

Drusilla alimfunika vizuri. Alimwambia akipona watakaa. Molly akasema sawa, na kwa vile alikuwa mtoto wa kuamini anachoambiwa, alilala. Jumamosi asubuhi alifariki.

Walimzika kwao Otiende, karibu na Oyugi. Mwalimu Rodah alikuja mazishini akalia kuliko jamaa wengi, na Drusilla ndiye aliyembembeleza, maana hakuona faida ya kumlaumu msichana kwa kosa ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelibeba mpaka shuleni. Cheptoo alihamishwa shule na wazazi wake. Otiende hakuwahi kumkumbusha mke wake kwamba alikuwa amesema mtoto aachwe akae. Angesema, ingekuwa nafuu. Kila alipokohoa gizani Drusilla alidhani anataka kulisema.

Alirudi kazini baada ya wiki moja. Mwaka mzima ule hakukosa hata siku, kwani hakukuwa tena na mtu wa kulazwa.

Tarehe ishirini na saba Julai iliyofuata ilikuwa Jumatano. Nyapara wa zamani alikuwa amestaafu, na mpya, Nyang'au, alikuwa ameletwa mwezi huo kutoka shamba jingine. Hakuwa amejua bado nani ni nani. Drusilla alijipanga kwenye mstari na kikapu mgongoni kama kila siku, na zamu yake ilipofika akaomba ruhusa ya kutofanya kazi leo.

Nyang'au aliuliza kama kuna mgonjwa. Akasema hakuna. Aliuliza kama kuna msiba.

"Ni birthday ya mtoto wangu," Drusilla alisema. "Nataka tukae naye."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaangalia chini. Mmoja alifungua mdomo, mwenzake akamgusa kiwiko.

Nyang'au alikuwa mtu mwenye watoto watano na maoni mengi. Alimwuliza, kwani mtoto haendi shule leo? Drusilla akajibu kwamba leo haendi.

"Mama, nyinyi ndio mnaharibu hawa watoto," Nyang'au alisema, si kwa ukali. "Birthday ni kitu gani? Mtoto aende shule, akirudi umpikie chapati. Hiyo ndiyo kumpenda."

"Ni kweli," Drusilla alisema. "Hata mimi nilikuwa nasema hivyo."

Nyang'au alimwangalia, akaona mwanamke mtu mzima ambaye hajagombana na hajaondoka, akacheka kidogo, akampungia mkono aende. Akamwonya kwamba ni leo tu, na mwakani ahakikishe mtoto ameenda shule. Drusilla akamshukuru, akavua kikapu, akarudi nyumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani mpaka jioni.