Telekomande ya siku ya ndoa

Kichwa yangu ilikuwa ndani ya gari, katikati ya viti, na miguu inachezacheza inje. Mutoto yangu mwanamuke alikuwa nyuma yangu anacheka mpaka anakaa chini. "Mama, wee! Utaua bakwe na kicheko!" Tulikuwa tunafanya mazoezi. Kesho yake mukwe yangu, bwana-arusi, na bazazi bake batafika kwetu Baraka kumuchukua, na mi njo nitamupeleka Fizi na gari yangu.

Ile gari ilikuwa na kiburi: ukishuka tu na kufunga mulango, inajifunga yenyewe. Telekomande yake, kale ka kubonyeza, ilinitoka mufukoni nikifua nguo ku ziwa, ikaenda na maji. Ufunguo ulibaki na ulikuwa unawasha moteri bila shida, lakini tundu ya mulango ilijaa vumbi ya njia ya Lulimba, haikukubali tena kuzunguka. Ni mulango ya nyuma kabisa, ya mizigo, tu njo haikuwa inashika. Basi kila asubui mutoto yangu, vile alivyo mwembamba, anapita nyuma, anaruka viti, anavuta kashikio ka ndani na kunifungulia. "Ingia, patron!" Tulizoea hivyo.

Lakini na robe ndefu ya ndoa hawezi kupita vile. Ingekuwa mimi, na huu mwili, kitenge juu, mbele ya mukwe! Mimi mwenye, kwa heshima ya mukwe, hata kula siwezi kula mbele yake! Mungu wangu, haya ile ningeipeleka wapi?

Mangaribi ile ile telekomande mupya, ya kuiga, ile niliagiza, ikafika kutoka Uvira. Muuzaji akanieleza ku simu: funga milango yote, washa ufunguo na kuzima mara kadhaa, haraka haraka, kisha bonyeza na ungoje gari iitike. Mulango ikifunguka katikati ya kazi, unaanza upya.

Nikaanza. Jirani akafungua mulango: "Mama, jambo! Furaha ya ndoa!" Akanyoosha mukono. Sasa utakatala mukono ya muntu? Nikaanza upya. Mama muuza samaki ndagala akafungua upande ya pili, naye anataka mukono. Nikataka kulia. Njo mutoto yangu akasimama mbele ya gari: "Leo salamu zote ni kwangu, mama iko busy na mambo yake!" Akapokea mikono ya muji muzima.

Kwa! Gari ikaitika. Nilitoka mbio, tukakumbatiana, tukaruka kama batoto. Nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka muuzaji, bado ku simu, akalalamika: "Mama, pile itaisha, ni betri kadogo!"

Kesho yake, mbele ya bakwe bote, nikabonyeza mara moja tu. Kwa! Milango ikafunguka, nikaingia na maringo yangu yote. Tukaimba mpaka Fizi.

Pale nikashuka, nikafunga mulango. Kwa! Mukwe yangu akavuta mulango ya bibi-arusi, ikakatala. Bantu bote bakanigeukia. Telekomande ilikuwa mukononi, lakini kidole hakikutaka. Machozi yakaanza kushuka, mbele ya balebale bakwe.

"Mama, tufungulie," mukwe akasema pole pole, macho chini.

Mutoto yangu alikuwa ananiangalia ku kioo. Mukono yake ilikuwa karibu kabisa na kale kashikio ka ndani, kale alikuwa ananifungulia nako kila asubui. Hakukagusa. Alikuwa anangoja mimi.

Nikabonyeza.