Wenzako Wako Wapi?

Kila asubuhi, nikikipanda kilima cha Mbuji kwa baiskeli, nilimkuta mzee mmoja jirani yetu analima ngoro zake, yale mashimo ya kupandia mazao mlimani, kando ya barabara. Nilishuka, nikashika usukani, nikasema shikamoo. Kwetu mtu mzima hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli. Marehemu baba alinizaba kibao siku niliyojaribu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wenzako wako wapi?"

"Wako nyuma, babu."

Uongo mtupu. Sikuwa na mwenzangu hata mmoja. Wasichana wa rika langu wana watoto na mibuni ya kupalilia, wavulana wamehamia kwenye bodaboda. Nilifanya mazoezi peke yangu mpaka nikaanza kuongea na mnyororo. Usicheke, mnyororo hujibu, hasa ukikosa mafuta.

Ndiyo maana niliyataka sana mashindano ya taifa. Watatu wa kwanza wangeitwa kambini, wakae pamoja, wafanye mazoezi pamoja. Medali wangempa wamtakaye. Mimi nilitaka kambi.

Siku ya mbio tulichomoka wanawake wanne. Tulipokezana kukata upepo, anayechoka anajificha nyuma ya mwenzake. Mmoja alinipa maji yake bila kuombwa. Nilijaa furaha ya kijinga, nikatamani barabara isiishe.

Tulipokaribia mwisho, watu walikuwa wamesimama pembeni na jeneza mabegani, wakingoja tupite. Kwetu msiba haupitwi mtu akiwa juu ya baiskeli. Miguu yangu ilishuka kabla sijaiuliza. Nilisimama nimeinamisha kichwa, na wale watatu wakaenda zao. Mazoea yana taabu. Gari la waamuzi lilinipigia honi. Mama mmoja katika wale wafiwa alinitazama kwa huruma, utadhani mimi ndiye niliyefiwa.

Niliwafukuza wale watatu mpaka nikaonja damu mdomoni. Niliishia kuona migongo yao tu. Nikawa wa nne.

Kushuka sijutii; ningeshuka tena. Lakini ndani ya basi nililia mpaka Mbinga, na aliyekaa kiti cha pembeni akajifanya amelala.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nilikipanda kilima kama kawaida. Mzee alikuwa palepale na jembe lake. Nilishuka, nikashika usukani, nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wenzako wako wapi?"

"Wamenitangulia, babu."