Muriithi Aliyepona Presha

Muriithi wa Gakindu ana ng'ombe watatu wa maziwa na imani moja: dawa huwa na siku yake ya mwisho. Ng'ombe akivimba kiwele, anatibiwa siku chache, maziwa yanamwagwa mpaka yawe safi, basi. Nani amewahi kumtibu ng'ombe mzima?

Ndiyo maana mwezi wa tatu, mashine ya kliniki iliposoma presha yake iko sawa, Muriithi aliacha vidonge vyake siku hiyo hiyo. Akavihamishia rafuni, karibu na dawa ya minyoo ya ndama, akarudia supu yake ya mifupa pale buchari, chumvi akiinyunyiza kama mtu anayepanda mbegu za majani.

Sasa ni Jumapili baada ya ibada, na wauguzi wanapima watu presha bure kanisani. Sista Kinya, mmoja wao, akamfunga mashine mkono wa kushoto, akasoma. Akafunga wa kulia.

"Mzee, mia na themanini na nane kwa mia na kumi na mbili. Dawa unakunywa?"

"Ya nini, na nilipona?"

"Nani alikuambia umepona?"

"Mashine yenu. Ama hii ni ya kanisa ingine?"

Wakiuru, mkewe, alikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Sista, huyu aliniambia ati tunalisha dawa mtu asiye mgonjwa."

"Hukupona, mzee. Dawa ndiyo ilikuwa imeshikilia presha. Ukiiacha, moyo unasukuma damu kwa nguvu mpaka uchoke, ama mshipa upasuke kichwani."

"Lakini siumwi. Leo nimepandisha mtungi wa maziwa ile kilima yetu. Mgonjwa anaweza?"

"Anaweza. Mpaka siku anaanguka nao."

Muriithi alimtazama kama mtu aliyeuziwa fahali akidhani ni mtamba. "Kwa hivyo nikiwa mgonjwa nakunywa, nikiwa mzima nakunywa. Nitajuaje kama niko mbaya?"

"Hutajua. Ndiyo tunapima. Kesho asubuhi uende kliniki. Na chumvi upunguze."

Akaenda, akaandikiwa vidonge. Jumanne baada ya chai alimeza kimoja, akaketi kwenye kigoda, mkono kifuani, akisubiri kitu kitokee.

"Baba Shiro, unasikia aje?" Wakiuru akauliza.

"Vile tu nilikuwa."

"Na jana ulikuwa unasikia aje?"

"Mzuri."

Muriithi akampa pakiti ya vidonge.

"Mimi sijaelewa hii maneno hata kidogo," akasema. "Weka hapo kando ya kikombe changu, nimeze kesho."