Muko Batu Ngapi mu Pirogue?

Papa Désiré, jirani yangu, mimi namjua kuliko watoto wake, na asiyependa kusikia hivyo aje aniambie mwenyewe hapa mtaani Mangobo. Kibanda changu cha kukausha samaki kiko wazi tangu asubuhi, na mdomo wangu pia. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Akikohoa, nasikia. Akinyamaza siku nzima, nasikia pia.

Ni mtu wa Yanonge, mtoto wa mto, na maisha yake yote amevua mbenga. Mbenga si samaki wa kuchezea jamani. Mkubwa wake anamfikia mtoto wa shule kwa urefu, meno yanatoka nje hata akifunga mdomo, na akishanasa anakimbia na uzi wako kama mwizi aliyepigiwa kelele sokoni. Ndiyo maana watu wa mto humfuata wawili wawili. Mmoja anashika uzi kwa mikono, mwingine anakaa nyuma na kasia. Samaki akikimbia, yule wa nyuma anageuza pirogue, mtumbwi wao, na kumfuata, huku na huku, mpaka samaki achoke. Na kwa desturi yao kichwa cha mbenga ni cha mwenye kasia. Aliyeshika uzi anaweza kujisifu mtaa mzima akitaka, lakini kichwa hagusi.

Basi vichwa vyote vya Papa Désiré alivila Mama Pélagie, mke wake. Mwanamke mfupi, mweusi, mwenye mikono ya nguvu, na matusi ya kutosha kujaza pirogue. Walikuwa wakigombana kule majini mpaka walioko ng'ambo wanasikia. "Geuza!" "Ninageuza, weye shika uzi yako!" Halafu wanarudi wakicheka, samaki amelala kati yao, na mimi nawasubiri ukingoni na beseni langu.

Mama Pélagie alichukuliwa na homa, mvua za mwaka jana. Tulilia, matanga yakakaliwa, watoto wakaja na mabegi na wakaondoka na mabegi. Wawili wako Kinshasa, hao tunawasikia Noeli kwa simu. Aliyebaki karibu ni kitinda mimba, Trésor, anayeshusha mizigo ya ndege kule uwanja wa Bangboka. Karibu, nasema, lakini Bangboka ya Trésor ni mbali kuliko Kinshasa.

Baba mtu akaacha mto. Akatoa kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya mlango, akakaa. Nikimpelekea chakula, pondu na kwanga, anasema "Aksanti, Mama Georgette," na sahani inarudi karibu kama ilivyokwenda. Nguo zikaanza kumning'inia. Mimi nilitamani kumkamata mkono nimpeleke majini kwa nguvu, lakini nitafanya nini? Nimezaliwa Walungu, milimani. Mto huu nauogopa tangu siku ya kwanza nilipouona. Samaki ninayemjua mimi ni yule aliyekwisha kufa. Ila niliona wazi kabisa: huyu mzee akirudi mtoni ataishi, akibaki kwenye kile kiti atakwisha mbele ya macho yangu.

Dimanche moja, yaani Jumapili, Trésor akatokea, na mkate mkononi, amevaa vizuri, ananukia. Sikungoja aketi.

"Trésor! Baba yako anakauka hapa kuliko samaki zangu. Weye unaona?"

Aliona aibu, mtoto si mbaya. Akachuchumaa karibu na kiti cha baba yake, akashika ile mikono iliyojaa makovu ya uzi.

"Papa, rudia ku mayi. Lakini hii mambo ya uzi ya mikono, acha. Itakukata vidole. Nunua moulinet, ile mashine ya kuzungusha uzi, unaifunga ku fimbo. Mimi nitakuya kila samedi, nitapiga kasia."

"Weye?"

"Mimi, Papa. Nimesema."

Papa Désiré akacheka. Tangu matanga sikuwa nimesikia ile sauti. Akamwambia, "Basi kichwa itakuwa yako," na siku ileile akaingia ndani, akaleta kasia ya Mama Pélagie, akaanza kuipaka mawese ili isipasuke.

Kesho yake akanigongea. Anakwenda kuchagua moulinet, nimsindikize. Nilimuuliza mimi nitamfaa nini dukani. Akasema, "Weye unajua kugombana na bafanyabiashara." Hilo ni kweli, nikachukua kitambaa changu cha kichwa, tukaenda.

Duka ni la Ramazani, kijana wa Kindu, mwenye kofia nyeupe na ulimi mtamu, nyuma kidogo ya soko. Nyavu zinaning'inia mpaka huwezi kuona ukuta. Akatoa moulinet zake, zile zinazong'aa dhahabu akaziweka mbele. Papa Désiré hakuzitazama hata. Alichukua moja moja, akaifungua, akazungusha mkono wa mashine karibu na sikio na macho amefumba.

"Meno ya ndani ni chuma ao ni plastiki?"

"Chuma, Papa."

"Hii hapana. Hii inalia plastiki." Akairudisha. "Mbenga ataivunja akingali anacheka."

Mwisho zikabaki mbili. Moja ndogo, nyepesi, nzuri ya kushika, freni yake, ile breki ya uzi, laini. Nyingine nene, nyeusi, mbaya, nzito kama pasi ya mkaa, na uzi umeviringishwa ndani yake mpaka umejaa. Papa akawa anazipima, mkono huu, mkono ule. Mimi nikataka aamue, miguu ilikuwa inaniuma. Ndipo Ramazani akauliza swali lake.

"Papa, muko batu ngapi mu pirogue?"

Papa Désiré akainua uso.

"Nakuuliza kwa sababu," kijana akasema, "kama muko wawili, hii ndogo inatosha. Samaki akikimbia na uzi, mwenzako atapiga kasia, mutamufuata, uzi haiwezi kwisha. Lakini kama mutu iko peke yake, hakuna wa kumufuata samaki. Hapo inafaa hii kubwa, yenye uzi mingi. Unamuachia tu akimbie mpaka achoke. Ni nzito, haipendezi, lakini ni ya mutu moja."

"Tuko wawili," akasema Papa Désiré. "Mimi na mutoto yangu." Alisema kwa sauti ya kumwambia mtaa mzima.

Lakini hakutoka bila kuijaribu ile ndogo kwenye fimbo. Akavuta uzi, akanifunga kwenye kifundo cha mkono, fundo la wavuvi lile.

"Mama Georgette, weye ni mbenga. Kimbia."

"Aka! Mimi? Na umri huu?"

"Mbenga haina umri. Kimbia!"

Nikakimbia, Mungu anisamehe. Kitenge mkononi, makalio huku na huku, watu wa soko wanapiga makofi, mwenye motari, pikipiki ya abiria, anapiga honi. Moulinet inalia nyuma yangu zzzz. Papa anakaza freni, navutwa, analegeza, naenda. Nilipofika kwa mama anayekaanga mikate, mkono ukarudishwa nyuma. Uzi umekwisha. Nikageuka, nikamwona pale mlangoni mwa duka, fimbo imepinda, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Kona ya barabara ilikuwa bado mbele yangu. Tukarudi nyumbani na ile ndogo, na usiku huo sahani yangu ilirudi tupu.

Samedi ikafika, Jumamosi ya kwanza. Papa Désiré alivaa kofia yake mapema, kasia mbili zimeegemea ukuta. Akaniambia nimwachie nafasi kwenye uchanja wangu wa kukaushia, kwa ajili ya kichwa cha Trésor. Jua likapanda. Simu ikalia: ndege imechelewa, chef wa kazi amekataa. "Haizuru, mwanangu," Papa akasema, "kazi ni kazi." Samedi iliyofuata simu ikalia tena. Iliyofuata haikulia. Nikapiga mimi, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtoa usingizini, lakini Papa akanipokonya simu.

"Acha mutoto. Iko na kazi."

"Kazi gani isiyokwisha, Papa Désiré? Hata ndege zinapumzika!"

Alichukua fimbo, moulinet, samaki wadogo wa chambo, na kasia zote mbili. Nikamfuata mpaka ukingoni nikipiga kelele kama mwehu, namwambia asiende, mbenga havutwi na mtu mmoja, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Akaweka kasia moja nyuma, mahali palepale pa Mama Pélagie, akasukuma pirogue. Nilikaa pale kwenye mchanga. Samaki zangu zikaungua motoni siku ile, na sikujali.

Alirudi jua limeshaanza kulegea. Nilipomwona kwa mbali nilimshukuru Mungu, nilipomwona kwa karibu nikatazama fimbo yake. Alifunga pirogue. Moulinet ilikuwa uchi, hakuna uzi hata kidogo.

"Mbenga alishika?" nikauliza.

"Alishika."

Akaketi kwenye mchanga karibu nami. Akasema akitazama mto.

"Mukubwa, Mama Georgette. Akaruka, nikaona ubavu wake wote. Akaanza kukimbia, kushuka na mayi. Uzi inakwenda, inakwenda. Nikapiga kelele: geuza! Geuza, Pélagie! Pirogue haigeuki. Nikakasirika. Nikageuka nyuma nimutukane, sababu anachelewa."

Nilijua kilichobaki. Alikuta kasia peke yake.

Nililia. Yeye hakulia, ni mimi. Nilimlilia Mama Pélagie, na huyu mzee, na kile kiti cha plastiki ambacho nilidhani sasa amekirudia moja kwa moja.

Kumbe sikumjua kama nilivyojisifu. Asubuhi akanigongea tena.

"Mama Georgette, tuende kwa Ramazani."

Dukani hakutazama nyavu wala chochote. Akaweka ile ndogo juu ya meza. Jinsi walivyoelewana juu ya kubadilishana si shauri langu. Nami siku ile sikugombana na mtu. Ramazani akaikagua, akaona haina uzi, akaelewa nusu. Akauliza taratibu, kwa sababu ndilo swali lake kwa kila mtu anayeingia pale.

"Papa, muko batu ngapi mu pirogue?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema neno, lolote lile, kwamba Trésor atakuja, kwamba samedi hii hakika. Kusema kwamba nitakwenda mimi, nisingeweza, miguu yangu haifiki hata kwenye maji ya magoti.

"Mimi peke," akasema Papa Désiré.

Hakusema kwa sauti kubwa. Ramazani akashusha macho, akatoa ile nyeusi, nzito, akaifunga kwenye fimbo. Papa akavuta uzi, akanishika mkono, akanifunga fundo lilelile.

"Tembea, Mama Georgette. Usikimbie. Tembea tu, usisimame."

Nikatembea. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, sijui nilikuwa na uso gani. Nikafika kwa mama wa mikate, uzi unakuja. Nikampita. Nikafika kwenye kona, nikageuka kumtazama mara moja, alikuwa mdogo pale mlangoni. Nikakata kona. Sikumwona tena, wala yeye hakuniona. Uzi ulikuwa bado unakuja, laini, bila kulia sana. Nikapita famasi, nikapita wenye motari wanaongoja wateja. Mwisho nikachoka nikasimama mwenyewe, uzi ulikuwa bado upo.

Nikangoja anivute. Hakunivuta. Kijana mmoja wa motari akaniuliza, "Mama, unangoja nani?" Nikamwambia angalia kazi yako. Nikatikisa mkono kidogo, mara moja, ili ajue niko. Uzi ukatulia. Halafu, kutoka nyuma ya kona kule, na yeye akatikisa, kidogo, kama vile Mama Pélagie alivyokuwa akigonga ubao wa pirogue pale ukingoni kumwambia yuko tayari. Ndipo akaanza kukunja, polepole sana, nami nikarudi nikivutwa, nikiwa nafuta macho kwa kitambaa mbele za watu na bila haya.

Nilipofika mlangoni alikuwa ameshatoa kisu. Akakata fundo, akageuza mkono wangu kuangalia kama uzi umeniumiza.

"Basi, Papa?" Ramazani akauliza. "Iko muzuri?"

Papa Désiré akaweka ile moulinet kifuani, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Iko muzuri," akasema. "Inatosha mutu moja."