Pindo na King'ora Milimani

Mtaani walimwita Pindo kwa sababu ya kazi yake. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, na suruali ndefu za mtaa mzima zilifupishwa pale. Hakuwa mtu wa maneno. Aliyeongea kwa niaba yao wote wawili alikuwa rafiki yake, dereva wa gari la wagonjwa, mwanamke wa sauti nene ambaye hata mwanawe alimwita King'ora.

Walikuwa chanda na pete tangu walipopanga vyumba vinavyotazamana, kila mmoja na mtoto mgongoni na mume wa kusimuliwa tu. Wazo la njia ya milimani lilikuwa la King'ora. Ni njia ya miguu inayopita juu ya safu ya milima, mwendo wa zaidi ya wiki mbili, yenye vibanda vya kulala wasafiri. Kila mwaka walisema mwakani. Mwakani ikaja na ada ya shule, ikaja na harusi, ikaja na goti la Pindo. Mwisho King'ora alistaafu, akatokea kibarazani na mabegi mawili ya mgongoni.

"Funga cherehani. Twende."

"Na mvua hizi?"

"Nimebeba wagonjwa maisha yangu yote. Sijabeba hata mmoja aliyekufa kwa kulowa."

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. King'ora alitangulia, akifuata alama nyekundu zilizopakwa kwenye mawe, akiimba na kumtania mwenzake kwamba anatembea kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Kisha jioni moja, wakikausha soksi kibandani, akauliza, "Mama yako hajambo?"

Pindo alimtazama. Mama yake walimzika pamoja. King'ora ndiye aliyemfunga khanga kiunoni siku ile alipoishiwa nguvu.

"Umechoka, lala," alimwambia.

Asubuhi yake King'ora alivaa viatu vya Pindo, akagomba kwamba vyake vimesinyaa kwa mvua. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini Pindo alipoinama kufunga kamba zake, kicheko kilikuwa kimemwishia.

Siku ya ukungu ndiyo iliyomaliza shaka ya Pindo. Pindo alishuka kijitoni kuchota maji, na aliporudi akakuta begi la mwenzake peke yake juu ya jiwe. Aliita. Ukungu ulimeza sauti. Alimkuta chini kabisa, nje ya njia, anakatisha majani yaliyolowa kwa hatua za mtu mwenye haraka, karibu na ukingo wa korongo.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna mgonjwa ananisubiri, dada. Hujaona nimeegesha wapi gari?"

*Dada*, kama anavyoitwa mtu usiyemjua. Pindo alimshika mkono, akamkalisha, akamfunika sweta lake. Walikaa hapo mpaka macho ya King'ora yakarudi.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

"Umepotea kidogo."

King'ora alifuta uso. "Daktari aliniambia mwaka jana. Mwanangu anajua. Nilitaka nije kabla sijasahau kwamba nilitaka kuja."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ungekuja?"

Pindo alivuta sweta likamfunika vizuri mabegani.

"Usinirudishe," King'ora alisema. "Nifunge kamba kiunoni ukitaka, kama mbuzi. Lakini usinirudishe."

Pindo alimrudisha. Siku ya kwanza ya kushuka King'ora hakumsemesha. Alikataa chai yake, alikataa mkono wake kwenye utelezi. Siku ya pili akaanza kuimba tena, amesahau hasira na kilichoileta. Pindo, nyuma yake, alitamani angeendelea kununa.

Mwana wa King'ora aliwapokea barabarani. "Mama mdogo, tulidhani hewa ya kule itamsaidia," alisema, akiangalia pembeni.

"Mlidhani," Pindo alisema, akampa begi.

King'ora akahamia kwa mwanawe. Pindo alikwenda kila Jumapili, akamchana nywele, akakaa naye dirishani. Mara ya kwanza King'ora alipomkaribisha kama mgeni, akamuuliza kwa adabu kama ametoka mbali, Pindo alijibu kwamba hapana, ni jirani tu. Alikwenda msalani akafungulia bomba ili asisikike.

Masika yaliyofuata King'ora alianguka ngazini, na hakuinuka tena. Baada ya mazishi, watu walimpa Pindo pole na kumwambia alifanya la busara kule milimani, la sivyo wangeokota maiti korongoni. Alisema asante. Lakini akiwa cherehanini, mguu ukikanyaga, alijiuliza kwa nini hakuifunga ile kamba, wakaendelea. Wateja walizoea kumwita mara mbili.