Mkojo Waliopima Ulikuwa Wangu, Si wa Mwanangu

Admin, jina langu usiliweke. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, fundi cherehani hapa Kimisagara, na siyo kujisifu, lakini ukiona bibi harusi amependeza bondeni huku, jua nimemshona mimi. Nina mtoto mmoja tu, miaka ishirini na sita, fundi umeme, mrefu, mpole, akili zote kachukua kwangu.

Huyo mwanangu alinaswa na uraibu wa heroini, vijana hapa wanaita mugo. Akatibiwa, akarudi nyumbani, huu ni mwezi wa nne tangu arudi. Bosi wake kule Kimihurura alimrudisha kazini kwa sharti moja: kila mwezi apimwe mkojo. Wanampa kichupa, anawapelekea mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Mwezi uliopita nikamwona macho mekundu, chakula hataki. Nikajua amerudia. Asubuhi ya kipimo, alipoingia kuoga, nikamwaga mkojo wake nikajaza wangu. Mimi hata pombe sijawahi kuonja! Nikamsindikiza nikicheka, "Nenda baba, mama anakuamini."

Jibu likaja: mkojo una alama za heroini. Kazi ikaisha palepale. Nikajiambia ni mabaki ya mkojo wake kichupani yaliyochafua wangu. Akapiga magoti mbele yangu, "Mama, wallahi sijagusa kitu. Yalikuwa mafua tu." Na mimi nikamjibu, "Mwana wanjye, mwanangu, kipimo hakina sababu ya kukuonea." Mungu anisamehe.

Juzi nimeenda duka la dawa kuchukua vidonge vyangu vya mgongo, maana kukaa kwenye cherehani kumenimaliza. Dada wa pale akanitania, "Mama, vidonge hivi vina kodeini, ndugu yake heroini. Siku wakikupima mkojo watakuita mtu wa mugo!" Yeye anacheka, mimi nahesabu siku nyuma: usiku wa kuamkia kipimo nilivimeza. Yaani mwanangu alikuwa msafi. Mchafu nilikuwa mimi.

Sasa hatoki chumbani. Jana ameniambia mlango ukiwa umefungwa, "Kama hata wewe unaona natumia, najizuia kwa ajili ya nani?" Wale rafiki zake wa zamani wameanza kumpigia simu, nawasikia.

Nikisema, atajua kwamba mama aliyemsifia mtaa mzima hakumwamini hata asubuhi moja. Nikinyamaza, mugo itamchukua. Leo nimesimama mlangoni kwake mara tatu, mdomo unakataa. Wazazi wenzangu, nawaomba kwa magoti, nianzeje? Nipeni hata neno la kwanza tu.