Maneno Aliyoyazuia Mume Wangu

Mume wangu alikuwa akizamia baharini kuvua kamba mawe hapa kisiwani Chula. Tangu apatwe na kiharusi, lolote linalomjia hulisema. Jana mdogo wangu alifika kutoka Mombasa kumjulia hali, mume wangu akamtazama, akacheka.

"Huyu ndiye niliyemtaka! Mama yenu akasema mkubwa hatanguliwi na mdogo kuolewa, akanipa huyu dada yako."

Mdogo wangu akajifunika uso kwa buibui. "Shemeji, na ugonjwa wote huo bado una mzaha?"

Daktari wa Kismayo alitueleza kwamba ubongo wa mbele, nyuma ya paji, ndio uliomsaidia kubana pumzi chini ya maji, na ndio unaozuia maneno pia. Kwake umeumia. Huenda sikumwelewa vizuri, maana shule yangu ni ndogo. Kumkasirikia mgonjwa si haki, na pengine ubongo ulioumia hutunga uongo. Lakini daktari alisema kilichoharibika ni kizuizi, basi.

Asubuhi aliniuliza, "Mbona umeninunia?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikalizuia, kwa kuwa ubongo wangu mimi ni mzima, nikaendelea kumlisha uji.